Kinyonga wa Usambara Ugenini



Juma hili tunawaombeni radhi, kwani hatutaandika juu ya jambo kubwa. Tutaandika juu ya kizimba cha wavu chenye kimo cha sentimita 120, kilichosimama katika chumba cha wageni cha nyumba yetu, na juu ya kiumbe mwenye pembe mbili anayeishi ndani yake. Wale mliotutembelea tangu mwaka juzi mmekwisha kumwona. Kwa wale ambao bado, hasa ndugu zetu wa nyumbani waliotupigia simu wakiuliza kama ni kweli kwamba mapadre wawili Wasambaa wanafuga kinyonga huko Ujerumani, jibu ni kwamba ni kweli, na kisa chenyewe ni hiki.

Mwanzoni mwa Juni 2024 mzee mmoja wa parokia hii ya Bavaria tunakotumikia, fundi mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe miaka kadhaa kabla, alibisha mlangoni petu akiwa amekumbatia mfuko wa kitambaa kama mtu aliyebeba mkate wa moto. Baada ya siku tisa alikuwa ahamie katika nyumba ya kutunzia wazee, na huko wanyama hawaruhusiwi. Nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa inarudi kwa mwenyewe, na kizimba kikubwa alichokijenga ukutani kwa mikono yake mwenyewe kilikuwa kimekwisha kubomolewa, kwa kuwa mkataba ulidai ukuta urudishwe kama ulivyokuwa. Watoto wake wanaishi mbali. Akaufungua mfuko juu ya meza yetu ya kulia chakula, akasema, "Mapadre, huyu ni mtu wa kwenu. Mimi sina tena mahali pa kumweka."

Nasi tukarudi nyuma hatua mbili, sote wawili.

Yatupasa kukiri jambo hili mapema, maana bila hilo kisa hiki hakina maana. Kwetu milimani kinyonga hakupendwa. Bibi zetu walitukataza kumshika, na tulipomkuta njiani tukitoka shule tulimrushia mawe, au tulimwinua kwa kijiti kirefu ili kuwatisha wasichana. Makabila mengi ya Kibantu yanasimulia hadithi ile ya kinyonga aliyetumwa na Mungu awapelekee wanadamu habari kwamba hawatakufa, akakawia njiani kwa mwendo wake wa kusitasita, hata mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Hata lugha yetu tamu haikumwonea huruma: mwanasiasa asiye na msimamo humwita kinyonga, na hakuna aliyewahi kumwuliza kinyonga kama tusi hilo ni la haki. Hivyo tulikuwa tumekua tukiishi naye katika mlima mmoja, na hatukuwa tumemtazama hata mara moja kwa muda wa dakika tano.

Mzee alituambia kwamba jina lake ni Amani, kwa sababu alikuwa amesoma habari za msitu wa Amani. Tukatazamana, tukacheka kidogo, maana Amani iko Usambara Mashariki, na kinyonga wa aina hii ni wa Usambara Magharibi, upande wetu kabisa. Wataalamu humwita *Kinyongia multituberculata*. Alielezwa mara ya kwanza na Mjerumani Fritz Nieden mwaka 1913, na jenasi yenyewe ilipewa jina la Kinyongia mwaka 2006, kutokana na neno letu la Kiswahili. Neno letu lilikuwa limetutangulia Ulaya. Mzee alilijua hilo, sisi hatukulijua. Alituambia pia, kwa fahari kidogo, kwamba marehemu mkewe kwa miaka arobaini alikuwa na maua ya Usambara dirishani, yale maua madogo ya zambarau ambayo von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani kule Tanga, aliyafanya yajulikane Ujerumani mwaka 1892, na ambayo Wajerumani huyaita kwa jina la milima yetu mpaka leo. "Yeye alikuwa na ua la kwenu," akasema, "mimi nilikuwa na mnyama wa kwenu. Lakini kule kwenu hatukufika."

Kisha akatuachia daftari. Lilikuwa limejaa mwandiko wa kizamani, uliolala na kushikana kama nyasi baada ya mvua. Tuliahidi kulisoma.

Hatukulisoma. Mwandiko ulitushinda, na juma lile lilikuwa na shughuli nyingi, kama ilivyo desturi ya visingizio vyote. Tulifanya lililo jepesi zaidi: tukaenda dukani. Mwuzaji alikuwa kijana mwema, akauliza mnyama wetu asili yake ni wapi. Tukajibu, "Afrika." Aliposikia neno hilo akaenda moja kwa moja kwenye taa yenye joto kali kuliko zote, akaichukua pamoja na sanduku la kioo lenye mfuniko, lililo zuri kutazama. Nasi tukalipa.

Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Kijana yule hakuwahi kufika Lushoto, lakini sisi tumezaliwa huko. Tulikwenda shule mwezi Julai tumevaa sweta mbili, mikono tumeificha kwapani, ukungu umefunika barabara hata hatumwoni mwenzetu aliye mbele. Wakoloni wa Kijerumani waliupenda mji huo, wakauita Wilhelmstal, kwa sababu hasa walikuwa wakikimbia joto la pwani. Haya yote tuliyajua, na bado tulikubali kwamba mnyama wa Afrika anahitaji joto, kana kwamba Afrika ni jiko moja. Sanduku tuliliweka kwenye dirisha la kusini, penye jua, tukawasha taa, tukaenda kazini.

Siku ya nne mama anayetusaidia jikoni alituita. "Mapadre, mnyama wenu anapumua kwa mdomo." Tulimkuta amepauka, rangi yake ya kijani imekuwa kama ya majani yaliyokauka, amejishikilia chini kabisa mwa sanduku, mdomo wazi, jicho moja limefumbwa mchana kweupe. Kipimajoto tulichokitoa ukutani na kukitumbukiza humo kilipanda hadi nyuzi 34. Tulizima taa, tukamtoa, tukampeleka katika chumba cha wageni kilichoko upande wa kaskazini, tukamweka juu ya mti wa chunguni na kumnyunyizia maji yenye uvuguvugu kidogo kwa chupa ambayo mama hutumia anapopiga pasi. Alikaa bila kusogea kwa zaidi ya saa nzima. Kisha tone moja lililokuwa likining'inia kwenye ncha ya jani lilimgusa mdomoni, akalivuta. Akalifuata la pili. Alikunywa kwa karibu robo saa, taratibu, akiinua kichwa kila mara kama kuku, nasi tulisimama pale bila kusema neno. Tulikuwa na mkutano jioni ile. Tulichelewa.

Usiku huo tulilifungua daftari, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine ameshika kamusi. Katika ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili, mzee alikuwa ameandika kwamba huyu si mnyama wa jangwani, na kwamba joto litamuua upesi kuliko baridi. Mchana nyuzi 20 hadi 24 zamtosha, na sehemu moja tu ya kuota ifike 26 hivi. Usiku lazima kuwe na baridi, nyuzi 15 au pungufu kidogo, kwani asipopata usiku wa baridi hapumziki. Sisi wenyewe tungeweza kuliandika jambo hilo kabla hajaliandika, kama tungeulizwa vizuri, au kama tungejiuliza.

Basi tukaanza upya, na safari hii tulijenga wenyewe. Sanduku la kioo tulilirudisha dukani. Tulichonga fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60, na kimo cha sentimita 120, tukaiwamba pande tatu na juu kwa wavu laini ule unaowekwa madirishani kwetu kuzuia mbu. Upande wa nyuma tuliweka ubao, ili mnyama awe na mahali pa kujificha macho ya watu. Wavu huo huruhusu hewa kupita, na hewa ndiyo jambo la kwanza: hewa yenye unyevu isiyotembea huleta ukungu majanini na maradhi ya mapafu kwa mnyama. Kizimba tulikiinua juu ya meza, kwa sababu kinyonga akiwa chini ya macho ya mtu huamini kwamba anawindwa, na akiwa juu yetu hutulia. Jambo hilo dogo lilibadilisha tabia yake kuliko lolote tulilolinunua kwa fedha.

Chini tuliweka sinia la kupokea maji, bila udongo wowote, maana udongo wenye maji daima huoza. Ndani tuliingiza mti mdogo wa jamii ya mkuyu katika chungu chake, na mimea ya kutambaa yenye majani mapana, baada ya kuosha kila jani, kwa kuwa miti ya dukani hupuliziwa dawa ya wadudu. Halafu tukaja kwenye matawi, na hapo mzee alikuwa ameandika kurasa tatu nzima. Mguu wa kinyonga ni koleo: vidole vitano vimegawanyika, viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine. Tawi nene mno hawezi kulifumbata, na jembamba mno linamchosha. Hivyo yanatakiwa mengine ya unene wa kidole gumba, mengine ya kidole kidogo, yamelala au yamepanda kidogo, yakiunganika kama njia za mlimani, ili aweze kwenda kwenye mwanga na kurudi kivulini bila kukanyaga chini. Tuliyakata katika mtufaha wa bustani yetu, ambao haujawahi kupuliziwa dawa.

Kuhusu mwanga, tulijifunza kwamba taa ziko mbili na kazi zake ni mbili. Moja ni ya joto, ndogo sana, kwenye kona moja juu ya wavu. Nyingine hutoa mionzi ya urujuanimno, ambayo ngozi yake huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haiingii mifupani. Mifupa hulainika, miguu hupinda kama ya mtoto mwenye matege. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo jua letu la dirisha la kusini lilikuwa limempa joto lote na faida yake hakuna. Taa hiyo hudhoofika kabla haijazimika, kwa hiyo hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inang'aa.

Swali la saa za taa lilitufurahisha. Huku Juni jua halitui mpaka saa tatu na robo usiku, na Desemba linazama saa kumi na nusu alasiri. Kiumbe wa karibu na ikweta hajui mambo hayo. Kwao mchana ni saa kumi na mbili na usiku saa kumi na mbili, mwaka mzima, na tofauti ni ndogo. Tukanunua kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe, tukakipanga kiwashe saa moja asubuhi na kuzima saa moja jioni, tukatundika pazia zito dirishani. Ni chumba pekee katika nyumba hii kinachokwenda kwa saa za Kiswahili.

Pamoja na hayo, jambo moja lilikuwa limebaki. Katika daftari mzee alikuwa ameandika swali pembeni, pasipo jibu: hulala wapi huko kwao? Yeye alikuwa amesoma vitabu, lakini alitaka kusikia kwa mtu aliyeona. Sisi tuliotoka huko hatukuwa tumeona. Mwezi Julai tukampigia simu kaka yetu anayelima mboga juu ya Lushoto, tukamwomba atoke usiku na tochi. Alikaa kimya kidogo. "Ndugu zangu," akasema, "mko salama huko?" Tukamhakikishia kwamba tuko salama. Akaenda, amevaa koti, kaenda na wanawe wawili, na simu mkononi. Ilikuwa nyuzi kama kumi na moja kwake, na kwetu Bavaria usiku ule ulikuwa wa nyuzi 22, madirisha yote wazi na hakuna upepo. Haikupita nusu saa akawa amewaona wanne, kando ya njia ile ile tuliyopita tukienda shule. Usiku kinyonga hupauka, hivyo tochi humwona upesi, anang'aa kati ya majani meusi. "Wote wamelala nchani kabisa," alisema kwa sauti ya chini kana kwamba yumo kanisani, "kwenye vijiti vyembamba, vinavyoning'inia juu ya njia. Nyoka akija, kijiti kitatikisika." Kisha akaongeza, "Mtoto wangu mdogo anasema ni wazuri." Sisi hatukujibu upesi.

Tukaongeza vijiti vyembamba upande wa mbele, ncha zake zikining'inia.

Kuhusu chakula tutasema machache, maana mama wa jikoni angependa tusiseme lolote. Hula nyenje na panzi, ambao hununuliwa wakiwa hai na lazima nao walishwe majani mabichi vizuri kabla ya kuliwa, kisha hunyunyiziwa unga wa kalsiamu kidogo. Nyenje watatu walitoroka mwezi Agosti, wakaimba nyuma ya friji majuma mawili. Maji hanywi bakulini, kwa kuwa hayatambui maji yaliyotulia. Tunanyunyiza asubuhi na jioni mpaka majani yadondoke, na chupa yenye kitundu hudondosha tone baada ya tone mchana. Hatumshiki bila sababu. Wageni wengi huomba abadilike rangi awe mwekundu wakimwekea kitambaa chekundu, nasi hulazimika kuwavunja moyo. Rangi zake hufuata joto, mwanga na hali ya moyo wake, si kitambaa. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba katika ngozi ya kinyonga wa Madagaska mna fuwele ndogo mno, ambazo mnyama huzisogeza karibu au mbali na hivyo kubadilisha mwanga unaorudi. Tusi letu la kigeugeu, basi, limekosea mtu. Ni mnyama asiyeweza kuficha hali yake, na laiti tungalijua kuisoma siku zile nne za mwanzo.

Palikuwa pia na suala la karatasi. Vinyonga wa jenasi hii wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na anayewafuga hapa lazima aonyeshe hati ya mahali mnyama alikozaliwa na kutoa taarifa kwa ofisi ya wilaya. Huyu wetu alizaliwa kizimbani hapa hapa Ujerumani. Bibi wa ofisini alijaza fomu, akaandika nchi ya asili ya spishi, Tanzania, kisha akaomba vitambulisho vyetu, akaandika Tanzania tena, akatabasamu.

Rafiki yetu mmoja wa Tanga alituuliza kwa ukali kidogo kwa nini tusimrudishe kwao. Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi vinyonga wa milima yetu walikamatwa na kupakiwa masandukuni kwa ajili ya biashara ya Ulaya na Marekani, na wengi walikufa kabla hawajafika vizimbani. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, nasi tunaona kwamba ilifanya vema. Lakini huyu hakuwahi kugusa jani la Usambara. Kumwachia msituni ni kuwapelekea ndugu zake maradhi ya vizimba vya Ulaya, na yeye mwenyewe ni kumpeleka ugenini mara ya kwanza. Hatusemi haya kwa ajili ya kujitetea tu. Lau mzee angalituuliza kabla hajamnunua, pengine tungalimshauri vingine. Hakutuuliza, naye alikuwa juu ya meza.

Mwezi Septemba mzee aliletwa kwa gari la nyumba ya wazee, katika kiti cha magurudumu. Tulikuwa na wasiwasi kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Tulimsukuma hadi mbele ya kizimba, tukamweleza juu ya kaka yetu na tochi, na vijiti vilivyoning'inia juu ya njia. Alituomba turudie sehemu hiyo. Kisha akanyamaza, akakaa akimtazama Amani, na Amani akamtazama kwa jicho moja, jingine likizungukia dirishani. Zile siku nne tulimsimulia pia, hatukuficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi wa kwanza niliua," akasema. "Mwaka ule ule niliomnunua. Kwa taa."

Alikaa karibu saa nzima. Alipokuwa anaondoka alinyoosha kidole kuelekea juu, upande wa kushoto. "Tawi lile ni nene mno," akasema. "Hawezi kulifumbata akiwa na usingizi."

Tulilitoa siku ile ile, tukaweka kijiti cha mtufaha. Usiku tulipopita na tochi, tulimkuta amelala kwenye ncha yake, amepauka, mkia umejiviringa.